Mzigo wa Mwenzio si Kanda la Usufi

Mtu anayenunua shanta la safari ya porini huuliza kwanza: lina lita ngapi? Kisha huuliza bei. Mwisho huchagua rangi. Maswali yote matatu ni ya dukani. Njiani kuna swali moja tu lenye maana: uzito huu utakaa juu ya mgongo wa nani, na mgongo huo utafika ukiwa katika hali gani? Asiyejiuliza swali hilo hajachagua shanta, amenunua mfuko wenye zipu.

Nimesukumwa kuandika makala hii na orodha iliyosambazwa na chama chetu cha wanafunzi wapanda milima, tunapojiandaa kwenda Rwenzori likizo ijayo. Orodha inatushauri tutafute shanta la lita 80 au zaidi, lenye mifuko mingi ya nje, ili mtu asiache nyuma kitu atakachokihitaji. Chini kabisa mwandishi wake ameongeza maneno ya kututuliza: uzito usiwatie hofu, wapagazi wapo na wamezoea. Wenzangu wengi waliyasoma maneno hayo wakapita. Mimi nilishindwa kupita.

Nimezaliwa wilayani Kasese, chini ya mlima huo, na likizo mbili nimebeba mizigo ya wageni ili nipate nauli ya kurudi chuoni. Baba yangu alifanya kazi hiyo kwa miaka 20 hivi. Leo ukimwita kwa nyuma hageuzi shingo; hugeuka mwili mzima, kama mlango. Kwa hiyo ninaposoma kwamba wapagazi wamezoea, najua ni nani anayezungumziwa.

Kwanza tuitazame njia yenyewe. Kutoka Nyakalengija, penye mwinuko wa mita 1,600 hivi, hadi kambi ya Nyabitaba, mita 2,650 hivi, mpagazi hupanda zaidi ya mita 1,000 katika siku ya kwanza peke yake. Baadaye hufuata bonde la mto Bujuku juu ya mawe yanayoteleza, kisha huingia Bigo, kinamasi ambacho mahali pasipowekwa njia ya mbao mguu huzama hadi gotini. Ndiyo maana huko watu huvaa gambuti badala ya viatu vya ngozi. Katika tope la namna hiyo mzigo unaoyumba ni hatari kuliko mzigo mzito. Mguu ukizama huku mzigo umeelemea upande mmoja, anayeuvuta mwili usianguke ni mgongo.

Na mzigo wenyewe ukoje? Mara nyingi mgeni huja na begi refu la turubai lisilo na fremu wala mkanda wa kiunoni, lililotengenezwa kwa ajili ya buti la gari na tumbo la ndege. Halikutengenezwa kwa ajili ya mtu. Mpagazi hulifunga kamba, akapitisha ukanda kwenye paji la uso kama wazee wetu Wakonzo walivyobeba kuni na mavuno. Au hulitumbukiza ndani ya gunia na kulitungia mikanda ya kamba inayokata mabega. Mgeni alipolichagua begi lile alifikiria nguo zake zisilowe. Mgongo haukumjia akilini, kwa sababu haukuwa wake.

Nililielewa jambo hili vizuri kwa kumwona mtu aliyefanya kinyume chake. Katika likizo yangu ya pili nilipangiwa kundi lililokuwa na mzee mmoja kutoka jimbo la Montana, Marekani, ambaye kwao huwinda kila mwaka. Mahema na chakula cha kundi tulibeba sisi, lakini shanta lake alikataa kumpa mtu. Nilidhani ni ubahili. Jioni kambini nilimwomba nilijaribu. Lilikuwa na kilo 14, lakini lilipokaa mgongoni nilihisi kama nimebeba nusu yake. Nikamwambia, "Mzee, hili ni jepesi." Akacheka. Akanieleza kwamba uzito haukupungua, ila ulikuwa umehama mabegani ukaenda kukaa kwenye nyonga, mahali penye mifupa mipana na karibu na misuli ya mapaja iliyozoea kuubeba mwili mzima.

Kisha akanieleza jinsi wawindaji wa kwao wanavyochagua shanta. Nami tangu hapo nimesoma nilichoweza kuhusu jambo hilo. Siandiki haya kutetea uwindaji. Mlimani kwetu ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1991, na kuwinda humo ni kosa. Nautaja uwindaji wao kwa sababu una somo ambalo utalii wetu umekataa kujifunza.

Mwindaji wa milima ya magharibi ya Marekani hutembea mbali na barabara kwa siku kadhaa, mara nyingi akimfuata elki, aina ya kulungu mkubwa ambaye dume lake linaweza kuzidi kilo 300. Kwenda ni rahisi: ana hema, chakula, maji na bunduki au upinde. Taabu huanza baada ya mnyama kuanguka. Nyama ya elki iliyotolewa mifupa inaweza kufika kilo 90 au zaidi, na mtu mmoja hawezi kuitoa kwa safari moja. Hurudi mara tatu, nne, hata tano. Kule Alaska sheria humtaka mwindaji aiokoe nyama yote inayolika, na haruhusiwi kuziondoa pembe mahali mnyama alipouawa kabla nyama haijatolewa. Pembe ndiyo sifa ya mwindaji na nyama ndiyo deni lake. Sheria imesema deni lilipwe kwanza.

Kwa sababu hiyo, mwindaji mwenye akili huchagua shanta kwa ajili ya safari ya kurudi. Haulizi vitu vyake vya kwenda navyo vitaenea humo au la. Huuliza: nikiwa na kilo 35 za nyama juu ya zile nilizokuja nazo, fremu hii itasimama au itapinda? Mkanda wa kiunoni utashika au utateleza hadi mapajani? Mashanta yao bora hufunguka kati ya fremu na mfuko, nyama ikafungwa hapo, imegusana na mgongo. Hawaitundiki kwa nje, kwa sababu wanajua kwamba kilo 20 zilizo mbali na mgongo humvuta mtu nyuma kuliko kilo 25 zilizoubana. Maarifa haya hayakutoka kwa maprofesa. Yametoka kwa watu ambao wakikosea kuchagua, ni wao wenyewe wanaoumia.

Na hayakuanza jana. Yule mtu wa kale aliyegunduliwa mwaka 1991 ndani ya barafu, mpakani mwa Austria na Italia, aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, alikutwa na upinde, mishale, na mabaki ya fremu ya mbao ya kubebea mgongoni. Mwaka 1924 Mmarekani Lloyd Nelson alipata hataza ya shanta la fremu ya mbao baada ya kubeba mzigo wake kwa kifaa cha wenyeji wa Alaska kilichotengenezwa kwa vijiti na ngozi ya sili. Mwaka 1952 Dick Kelty wa California alianza kuuza mashanta ya fremu ya alumini. Fremu, basi, ni akili ya watu waliobeba wenyewe.

Sasa turudi kwetu. Neno letu safari limezunguka dunia nzima likiwa na harufu ya baruti. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alikuja Afrika Mashariki kuwinda. Aliondoka na msafara wa wapagazi zaidi ya 200, na baadaye akapita Uganda kuelekea Nile. Mzigo wa kawaida wa mpagazi wa misafara ya enzi hizo ulikuwa ratili 60 hivi, yaani kilo 27. Bunduki za Roosevelt zinajulikana kwa majina ya mafundi wake. Wengi wa waliobeba ngozi na chumvi ya kuzihifadhia hawajulikani kwa majina ya baba zao. Katika safari ya namna ile mwindaji hakuwa na haja ya kujifunza kuchagua shanta. Alikuwa na migongo ya watu.

Sisi tunaosoma Kiswahili hatuna udhuru wa kutojua mwisho wa mawazo hayo. Tunalitaja soko la Kariakoo la Dar es Salaam kila wiki, na jina hilo limetokana na Carrier Corps, jeshi la wachukuzi ambao Waingereza waliwakusanya kwa mamia ya maelfu katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi zaidi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Nao walisemwa kwamba ni watu wa kubeba. Neno "wamezoea" ni mjukuu wa usemi huo.

Nalijibu sasa neno hilo lenyewe. Wapo wasomi wenzetu wanaolitetea kwa sayansi. Wamesikia kwamba mwaka 1986 watafiti walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya vipimo vya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu wa Kenya, na kwamba wanawake hao walibeba mizigo bila kutumia nguvu ya ziada. Hawakusoma hadi mwisho. Matokeo yalisema hivyo kwa mizigo isiyozidi asilimia 20 ya uzito wa mbebaji. Zaidi ya hapo nguvu iliyotumika iliongezeka kadiri mzigo ulivyoongezeka. Chukua kalamu: mpagazi wa kilo 60, asilimia 20 yake ni kilo 12. Katika Mlima Kilimanjaro, ambako angalau kuna kikomo na mizigo hupimwa getini, kikomo chenyewe ni kilo 20, theluthi ya mwili wa mtu huyo, kabla hajaongeza blanketi na chakula chake. Isitoshe, utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2010, uliofanywa kwa wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini, haukuona kwamba kubeba kichwani kunaokoa nguvu kuliko kubeba mgongoni, na wabebaji wenyewe walilalamikia maumivu ya shingo. Mazoea yapo, sikatai. Mazoea humfundisha mtu kutolalamika. Hayamwongezei pingili za shingo.

Utetezi wa pili ni kwamba wanalipwa. Ndiyo, wanalipwa, na ni kazi halali ambayo imenisomesha. Lakini malipo hununua siku ya mtu. Hayanunui shingo yake ya uzeeni. Fundi mwashi hulipwa pia, na hatusemi kwamba kwa kuwa analipwa apande jukwaa bovu.

Utetezi wa tatu ndio ulio na sura ya huruma, nao ni mbaya zaidi: kwamba tukipunguza mizigo tutawanyima watu ajira. Hesabu inasema kinyume. Kilo 300 za kundi zikigawanywa kilo 25 kwa kila mtu, zinahitaji wapagazi 12. Zikigawanywa kilo 15, zinahitaji 20. Anayejaza begi moja hadi lipasuke hamsaidii mpagazi, anajipunguzia gharama kwa kumnyima kazi mpagazi wa pili.

Basi shanta lichaguliweje? Nitasema nilichojifunza, kwa anayekwenda kuwinda mahali panaporuhusiwa na kwa anayekwenda kupanda mlima tu, kwa maana mgongo ni ule ule.

Anza na mwili, achana na lita. Inamisha kichwa, upapase kifundo cha mfupa kinachojitokeza chini ya shingo. Weka mikono kiunoni, upate ncha za juu za mifupa ya nyonga. Umbali kati ya hapo na pale ndio urefu wa mgongo wako, na ndio kipimo cha shanta. Mtu mrefu anaweza kuwa na mgongo mfupi na miguu mirefu, kwa hiyo usidanganywe na kimo. Shanta refu kupita mgongo wako litaning'inia mabegani hata likiwa na mkanda wa dhahabu.

Halafu utazame mkanda wa kiunoni. Mama zetu hawahitaji kufundishwa jambo hili: mbeleko humkalisha mtoto juu ya nyonga, ikafungwa kwa mbele, na mama akatembea maili nyingi mikono ikiwa huru. Shanta lililokaa vizuri linaiga mbeleko. Ukilegeza mikanda ya mabegani kidogo na mzigo ukabaki mahali pake, mkanda unafanya kazi. Mzigo ukishuka, umenunua pambo.

Tatu, fremu. Lisimamishe shanta lenye mzigo sakafuni, ulikandamize kutoka juu. Likijikunja kama mto wa kulalia, litajikunja pia mgongoni mwako siku ya tatu. Nne, uzito wa shanta lenyewe likiwa tupu, kwa kuwa hizo nazo ni kilo utakazobeba. Lita ziwe za mwisho, na hapo chagua kidogo. Shanta kubwa halibaki na nafasi, binadamu hulijaza. Lita 50 zitakulazimisha uache jozi ya nne ya suruali, nayo haitakuuma.

Nimeshasikia jibu la wenzangu: mashanta mazuri ni ghali, sisi ni wanafunzi. Kweli, mapya ni ghali. Lakini katika mitumba ya soko la Owino, Kampala, nimeyaona mashanta yenye fremu nzima yakiuzwa rahisi kwa sababu zipu imekufa au rangi imepauka, huku watu wakigombania begi jipya la plastiki lenye nembo. Zipu hubadilishwa. Na shanta lisilo na mkanda wa kiunoni, fundi cherehani anaweza kulishonea mkanda wa turubai uliojazwa sponji ya godoro. Langu lilishonwa hivyo, na limepanda mlima mara mbili. Kilichokosekana kwetu si fedha. Ni kule kuona kwamba jambo hili linatuhusu.

Kabla hujaondoka, lipime. Lijaze mchanga au mahindi hadi uzito utakaosafiri nao, upande na kushuka ngazi za bweni kwa saa nzima. Na kama ni mtu mwingine atakayelibeba, basi yeye ndiye alijaribu, yeye arekebishe mikanda, na neno lake liwe la mwisho. Mwenye fedha ana haki ya kuchagua atakachotia ndani. Namna litakavyobebwa ichaguliwe na mbebaji.

Kiswahili kina ngata ya kuwekwa kichwani chini ya mtungi, kina mbeleko, kina mzegazega wa kubebea mizigo miwili kwa mti mmoja begani, kina podo la mishale. Lugha yenye maneno hayo yote ilitungwa na watu waliojua kwamba mzigo huandaliwa kwa ajili ya mwili. Lugha hiyo hiyo ikatuachia methali inayowacheka wasiojua: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wazee waliisema kwa kejeli. Waliotutumia ile orodha wameisoma kama kanuni.

Kwa hiyo naomba mambo matatu kwa chama chetu, na nawaomba walimu watakaosafiri nasi waniunge mkono. Maneno yale ya mwisho yafutwe kwenye orodha. Mizani iletwe siku ya kufungasha, na mzigo wa mpagazi usizidi kilo 15, vitu vyake mwenyewe vikihesabiwa humo. Na kila mwanachama abebe shanta lake mwenyewe kutoka Nyakalengija hadi Nyabitaba, siku hiyo ya kwanza tu. Siku ya pili asubuhi tufungue tena mizigo yetu, na kila mmoja aamue upya ni vitu gani ambavyo hakika anavihitaji.